Nafanya skwati 30, simu inaandika 43: nibadilishe simu?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 41, nina kilo 82, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini hapa Mwanza. Miezi michache iliyopita daktari aliniambia presha imeanza kupanda, akanishauri nifanye mazoezi. Jimu siiwezi kwa muda wala kwa hela, kwa hiyo kila asubuhi napiga pushapu, skwati, sitapu na planki nyumbani, kama dakika 20. Nimepakua programu ya bure inayotumia simu kuhesabu, na simu naiweka kwenye mfuko wa bukta. Nikifanya skwati 30 inaniandikia 43, siku nyingine 26. Pushapu inaona tano kati ya ishirini, au haioni kabisa. Mara nyingine kioo kikizima inakwama palepale. Mwisho inasema nimechoma kalori 219, hata siku niliyofanya nusu tu kwa uvivu, na inanipa ubora wa mkao asilimia 92. Lakini goti la kulia limeanza kuniuma. Mdogo wangu anasema simu yangu ni ya bei rahisi, haina vitambuzi kamili, ninunue nyingine au saa janja. Ni kweli? Na hiyo asilimia 92 niiamini?"*

Ndugu yangu, umefanya vizuri sana kuhesabu kwa mdomo na kulinganisha na simu. Wengi huiamini namba ya kwenye kioo na kuendelea nayo. Nianze na jibu la haraka ili hela yako ibaki mfukoni: usinunue simu nyingine kwa sababu hii, na saa janja haitakutatulia suala la pushapu. Ile asilimia 92 usiiamini pale goti linaposema vingine. Goti nitalifikia mwishoni, na ndilo linalonishughulisha kuliko hesabu zote ulizoandika.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi hudhani simu inamwona mtu akifanya mazoezi. Simu iliyo mfukoni inajua habari zake yenyewe tu: imeinama kiasi gani na imesukumwa kwa nguvu gani. Yote inayokuambia kuhusu mwili wako inayakisia kutokana na hapo. Ukiifunga kwenye paja, inajua habari za paja. Ukiiweka kwenye mfuko wa bukta uliolegea, inajua habari za mfuko.

Kitambuzi kinachofanya kazi hiyo kinaitwa akselerometa, na karibu kila simu janja inacho, ya bei yoyote, maana ndicho kinachogeuza picha unapolaza simu. Ndani yake kuna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikwa na springi za silikoni hiyohiyo. Simu ikisukumwa, kipande kile kinabaki nyuma kidogo, kama unavyoyumba wewe ukiwa umesimama kwenye daladala na dereva akafunga breki ghafla. Nafasi kati ya kipande na kuta zake inabadilika, na simu inayapima mabadiliko hayo kwa umeme, mara kadhaa kwa sekunde, mara nyingi kati ya 5 na 50 kulingana na programu ilivyoomba.

Hapa pana jambo ambalo ukilielewa, mengine yote yatakuwa mepesi. Akselerometa haitofautishi msukumo wa mwendo na mvutano wa dunia. Simu iliyotulia juu ya meza haisomi sifuri. Inasoma mita 9.8 kwa sekunde mraba, kwa sababu meza inaisukuma juu isianguke. Usomaji huo upo muda wote, na ni mkubwa. Mwendo wako wa mazoezi unakuja juu yake kama nyongeza, tena nyongeza ndogo.

Tuipime kwa skwati yako. Chukulia kiwiliwili kinashuka sentimita 50 na kurudi, kwa sekunde tatu, mwendo laini. Ukipiga hesabu, nyongeza ya juu kabisa ni kama mita 1.1 kwa sekunde mraba, yaani sehemu moja ya tisa ya mvutano wa dunia. Sasa fanya skwati hiyohiyo taratibu, kwa sekunde sita. Nyongeza inashuka hadi 0.27 hivi. Umepunguza mwendo mara mbili, alama imepungua mara nne. Ndiyo maana simu iliyo kwenye mfuko wa shati au iliyoshikwa mkononi hupenda watu wanaorukaruka, na humkosa anayeshuka kwa utulivu. Nasikitishwa na hili, kwa sababu anayeshuka kwa utulivu mara nyingi ndiye anayefanya vizuri zaidi, na programu inamfundisha aharakishe ili ahesabiwe.

Kuna njia ya kukwepa tatizo hilo, nayo ni kutumia mvutano wenyewe. Ukisimama, paja lako limesimama wima. Ukishuka chini kwenye skwati, paja linakaribia kulala: limezunguka nyuzi 90 hivi. Simu iliyobana kwenye paja inazunguka nalo, na zile 9.8 zinahama kutoka upande mmoja wa simu kwenda upande mwingine. Hilo ni badiliko kubwa, na halijali kama umeshuka haraka au polepole. Kwa hiyo skwati ni zoezi ambalo hata simu ya kawaida kabisa inaweza kulihesabu vizuri, mradi ibane kwenye paja.

Turudi kwenye 43 zako. Programu nyingi hazijui umbali, zinahesabu mawimbi. Kila wimbi likipanda juu ya kiwango fulani na kushuka, inaongezwa moja. Mtu anayeshuka na kupanda bila kusita hutoa wimbi moja. Anayeshuka, akatulia chini kidogo, halafu akapanda, hutoa vilele viwili: kimoja anapofunga breki kule chini, kingine anapojisukuma kuinuka. Programu isiyo makini inaandika mbili. Ongeza hapo mfuko wa bukta: simu inabembea, inagonga paja, na kila kugonga ni kilele. Ukitembea hatua chache kati ya seti na seti, hizo nazo zinaingia. Zile 26 ni upande wa pili wa tatizo hilohilo: siku hiyo huenda ulichoka, ukashuka polepole au nusu, na mawimbi mengine hayakufika kwenye kiwango.

Utauliza, si simu ijumlishe tu mwendo na kujua nimeshuka sentimita ngapi? Kimahesabu inawezekana, ila ili upate umbali kutoka kwenye mabadiliko ya kasi, lazima ujumlishe mara mbili, na kila kosa dogo linajumlishwa nalo. Kitambuzi chenye kosa la 0.05 tu, ambalo ni dogo, baada ya sekunde 10 kitadai umesogea mita 2.5. Baada ya dakika moja kitadai mita 90, nawe uko palepale sebuleni. Kwa hiyo programu ikikuambia umeshuka sentimita 47 katika kila skwati kwa simu ya mfukoni, jua imekisia kwa kanuni nyingine.

Jambo moja ambalo simu hupima vizuri ajabu ni kuruka. Ukiwa hewani, wewe na simu mnaanguka pamoja, na usomaji unakaribia sifuri. Muda huo wa sifuri ukijulikana, urefu wa kuruka unapatikana: nusu sekunde hewani ni kama sentimita 30. Wanaoruka kichura wanaweza kulitumia hilo. Wewe na goti lako, kwa sasa, hapana.

Pushapu ni habari nyingine. Ukipiga pushapu, mwili unazunguka kwenye vidole vya miguu. Mabega yanashuka sentimita 35 hivi, lakini nyonga inashuka kidogo zaidi ya nusu ya hapo, na mwili mzima unabadili mwinamo kwa nyuzi kumi na kitu tu. Simu iliyo mfukoni karibu na nyonga inapata badiliko dogo, wakati programu inasubiri lile kubwa la skwati. Ndiyo maana inaona tano. Na hapa ndipo saa janja inapoangusha watu: kiganja chako kimekanyaga sakafu, kifundo hakiendi popote, mkono wa chini unainama kidogo tu. Saa ya bei kubwa iliyofungwa mahali pasipotembea haina cha kupima. Mahali pazuri ni mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, kwa kutumia mfuko ule wa kufunga mkononi wanaotumia wakimbiaji, kwa sababu mkono wa juu ndio unaozunguka sana.

Lakini kwa pushapu ipo njia rahisi zaidi. Weka simu sakafuni, kioo juu, chini ya kifua chako. Karibu na spika ya kusikilizia simu kuna kitambuzi cha ukaribu, kile kinachozima kioo ukiweka simu sikioni. Simu nyingi hukisoma kwa namna mbili tu, karibu au mbali, na mpaka wake ni sentimita chache, mara nyingi kama tano. Zipo programu za pushapu zinazotumia hicho. Faida yake naipenda: usiposhuka vya kutosha, haihesabu. Hapo walau simu inasimamia kina, kitu ambacho akselerometa ya mfukoni haiwezi kabisa.

Sitapu: shika simu kifuani kwa mikono miwili iliyokunjwa. Kifua kinatoka kulala hadi kuinuka, mvutano unahama, hesabu inakuwa safi. Planki haina mwendo, kwa hiyo hapo simu ni saa tu. Ingawa, ukimwomba mtu akuwekee simu mgongoni karibu na kiuno huku imefungua programu ya kupima usawa, itaonyesha nyonga zinapoanza kuzama, maana akselerometa iliyotulia hupima mwinamo vizuri sana.

Sasa suala la mdogo wako. Ana ukweli kidogo. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kitambuzi kinachopima kasi ya kuzunguka. Nyingine hukisia mzunguko kutokana na akselerometa na dira. Jairoskopu husaidia pale unapotaka kujua mwili umegeuka vipi katika mwendo wa haraka. Kwa kuhesabu skwati na sitapu huihitaji. Ukitaka kujua simu yako ina nini, pakua Phyphox, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Kipimo ambacho simu yako haina kitambuzi chake kitaonekana kimefifia. Halafu fungua kile cha akselerometa, bana simu kwenye paja, piga skwati tano, utazame mchoro. Ukiona mawimbi matano makubwa yanayofanana, kitambuzi chako ni kizima na tatizo ni programu au mahali ulipoiweka. Natamani kila mtu afanye jaribio hili kabla ya kwenda dukani.

Kwamba vitambuzi hivi vina uwezo, hilo limeonyeshwa. Mwaka 2014 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo walioupa jina RecoFit, wenye kitambuzi cha kufunga mkononi, walioutengeneza kwa data za watu 114. Hesabu yake ilikuwa sahihi, kwa tofauti isiyozidi moja, mara 93 kati ya 100. Angalia masharti, lakini: kitambuzi kimefungwa vizuri, mahali palepale kwa kila mtu, na kanuni zimefundishwa kwa mazoezi yaliyojulikana. Simu inayobembea ndani ya bukta haina sharti hata moja kati ya hayo.

Kukwama kioo kinapozima kuna sababu iliyo wazi. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018, programu isiyokuwa mbele ya mtumiaji hainyweshwi tena data za akselerometa, isipokuwa imeweka taarifa ya kudumu juu ya kioo kuonyesha kwamba inafanya kazi. Simu nyingine huongeza ukali wao wa kuokoa betri. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu hiyo, uiondolee vikwazo. Ikikataa, acha kioo kikiwaka wakati wa mazoezi. Na ukiwa hukohuko kwenye mipangilio, tazama ruhusa ilizochukua: programu ya kuhesabu skwati haihitaji majina ya watu kwenye simu yako wala kujua uko wapi.

Kalori 219 zimenivutia, kwa sababu unasema hazibadiliki. Kuna kanuni inayotumika sana: unachukua kiwango cha ugumu wa zoezi, unazidisha kwa kilo zako, unazidisha kwa saa. Mazoezi ya mwili ya nguvu kama pushapu yaliorodheshwa mwaka 2011 kwa kiwango cha 8. Nane mara kilo 82, mara theluthi moja ya saa: 218.7. Ndiyo 219 yako hiyo. Kwa maneno mengine, vitambuzi havikuchangia chochote; programu ilitazama uzito uliojaza na dakika zilizopita, basi. Mazoezi hayohayo yakifanywa kwa kiasi yana kiwango cha 3.8, na hapo ungepata 104. Kwa kuwa dakika zako 20 zina mapumziko ndani yake, ukweli una uwezekano mkubwa wa kuwa karibu na 104 kuliko 219. Usipange chakula kwa namba hiyo.

Na hesabu yenyewe, hata ikiwa sahihi, si kipimo cha kazi. Pushapu ya kawaida inaweka kwenye mikono theluthi mbili ya uzito wako hivi ukiwa juu, na karibu robo tatu ukiwa chini. Kwako ni kama kilo 55 hadi 61. Ukipiga kwa magoti, mzigo unashuka hadi kama nusu au zaidi kidogo. Simu inaandika "20" kwa zote mbili.

Kwa hiyo ningefanya hivi nikiwa wewe. Simu ibane pajani kwa skwati, upande uleule kila siku. Iwe sakafuni kwa pushapu, kifuani kwa sitapu. Kwa wiki moja hesabu kwa mdomo pia. Ikikosea moja kati ya kumi, na ikikosea hivyo kila siku, inakufaa kufuatilia maendeleo, mradi usibadili mahali pa kuiweka. Ikiruka kutoka 43 hadi 26, iache, na ushike daftari. Daftari lenye safu tatu, yaani mara ngapi, ugumu ulivyouhisi na maumivu, litamsaidia daktari wako kuliko michoro ya programu yoyote.

Kuhusu presha, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kiasi, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Dakika zako 20 za asubuhi ni mwanzo mzuri. Ongeza kutembea kwa kasi, na huko simu inajua kazi yake, kwani huhesabu hatua vizuri ikiwa mfukoni. Kwenye planki na pushapu usibane pumzi, maana kubana pumzi kunapandisha presha kwa ghafla. Toa pumzi unapojisukuma. Planki iwe fupi mwanzoni, na muulize daktari kama kuna kikomo anachotaka ukizingatie. Presha yenyewe ipimwe kwa mashine ya kufunga mkononi. Zile programu zinazodai kuipima kwa kidole juu ya kamera, tafadhali usiziruhusu ziguse uamuzi wowote kuhusu dawa.

Sasa goti. Mara nyingi, asilimia za mkao kwenye programu za aina hii hutokana na kulinganisha mawimbi: je, skwati hii inafanana na iliyotangulia, au na mfano waliouhifadhi? Anayekosea vilevile mara 30 anaweza kupata alama ya juu sana. Simu iliyo kwenye paja moja haioni goti likiingia ndani, kisigino kikiinuka, wala uzito ukiegemea mguu mmoja. Haipo kabisa mahali ambapo ingeyaona. Kamera ndiyo inayoweza: mwombe mtu akurekodi kwa mbele, kisha kwa ubavu, skwati tano kila upande, mchana, ukiwa na kaptula isiyopwaya. Tazama kama goti la kulia linafuata uelekeo wa vidole vya mguu au linaingia ndani. Zipo programu zinazochora viungo juu ya video, lakini macho yako na ya mtaalamu yanatosha kuanzia.

Wakati huohuo punguza. Kaa kwenye kiti na kusimama, bila kushuka zaidi ya hapo, polepole, kwa kina kisichouma. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake asubuhi yanavumilika. Yakizidi wiki mbili pamoja na kupunguza, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Usisubiri wiki mbili ikiwa goti limevimba, linakwama bila kunyooka, linakuachia ghafla ukitembea, limekuwa la moto, au linakuamsha usiku. Na ukipata maumivu au kubanwa kifuani, kizunguzungu kikali, kupumua kwa shida kusiko kwa kawaida au mapigo ya moyo yasiyoeleweka, acha zoezi palepale na uende kituo cha afya mara moja, hata kama yameisha.

Ukienda kwa goti, beba ile video na daftari. Mtaalamu atakugusa goti, atakupima nguvu ya paja na nyonga, atakutazama ukishuka, na kwa dakika chache atajua mengi ambayo simu yako isingeyajua kwa mwaka mzima.